Aliyekaa Mlangoni

Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ulipotea mwanzoni mwa juma, na Fundi akamlaumu panya. Panya gani angeweza kuburuta chuma chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, hilo hakujiuliza. Mwanamke aliyechelewesha makochi ya mteja mkali hulaumu kilicho karibu. Alipekua chini ya meza, nyuma ya marundo ya sponji, ndani ya kopo la misumari. Hakuuona. Akaazima wa jirani, mkasi butu unaotafuna kitambaa badala ya kukikata, na mchana kutwa akawa anamsema jirani kimoyomoyo.

Siku chache baadaye binti yake alipanda kusafisha tangi la maji juu ya bafu. Alishuka nguo zimelowa hadi kifuani, mkononi ameshika mkasi ule. Na haukuwa peke yake. Chini ya tangi vilikuwa vimelala visu vyote vya jikoni, patasi, nyundo na ile sindano ndefu ya kushonea makochi, vyote vimepangwa ubavu kwa ubavu, ncha zimeelekea ukutani.

"Mama, huyo panya wako ana adabu sana," binti alisema.

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Walikuwa watu watatu katika nyumba ile. Mbele, upande wa barabara, ilikuwa karakana ya makochi; nyuma, vyumba na ua mdogo. Fundi alijifunza kazi baada ya kufiwa na mumewe, akaifanya vizuri hadi mtaa mzima ukasahau kwamba ana jina. Binti yake aliuza katika duka la dawa na ulimi wake haukuwa na breki. Na kulikuwa na Mpole, kitinda mimba, mwanamume wa miaka ishirini na kitu mwenye mabega mapana, ambaye alimsaidia mama yake kubomoa makochi ya zamani na kuyabeba. Aliitwa Mpole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kikongwe akishindwa na mtungi wa gesi, Mpole huyo. Gari likikwama, Mpole huyo. Kina mama wenye mabinti walikuwa wakimtupia macho ya ukwe.

Mama yake alijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mpole alipokuwa na miaka minne, baba yake, mlinzi wa ghala aliyependa chupa kuliko watu, alimshika miguu akambamiza kichwa ukutani kwa sababu alikuwa analia. Mtoto akalala siku mbili. Alipoamka hakuogopa tena kitu chochote, si mkanda wa baba, si giza, si moto. Siku moja Fundi alimkuta uani amemkaba paka, anamtazama machoni kwa utulivu, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Paka alipokata roho, ndipo mtoto akaanza kulia. Kilio chenyewe hakikuwa cha umri wake. Kilikuwa kilio kizito cha mtu mzima kikitoka katika kifua kidogo. Fundi akajiambia kwamba anayelia ana moyo, na mwenye moyo hapotei. Aliishikilia imani hiyo kwa miaka yote, na ndiyo iliyomfikisha alipofika.

Sasa, majini wa watu wengi hupenda usiku. Huyu wa nyumba ya Fundi alikuwa wa mchana. Baada ya habari ya tangi, ilianza kuja harufu ya nywele zilizoungua, saa zile jua linapokuwa utosini na mtaa mzima umejifungia. Ilianzia chumbani kwa Mpole, ikapita uani, ikaingia karakana na kukaa juu ya vitambaa. Fundi alikagua waya za umeme, akakagua jiko, akamwita hadi fundi umeme, ambaye alinusa, akakuna kichwa, akasema yeye hasikii kitu. Alikuwa ameziba pua huku akisema hivyo.

Kisha likaja la komeo. Mlango wa Mpole ulikuwa na komeo la ndani na lingine la nje, la zamani. Alasiri moja Fundi na binti yake walikuwa wote karakana, wanavuta kitambaa cha kochi, wakasikia chuma kikisuguana huko nyuma, taratibu, na kugota. Halafu Mpole akaanza kugonga. Hakugonga kwa hasira. Aligonga kwa kipimo kimoja, kama saa ya ukutani. Walipofika, komeo la nje lilikuwa limefungwa mpaka mwisho, na uani hapakuwa na mtu. Fundi akalifungua kwa mkono wake mwenyewe. Mpole akamshukuru, akavaa viatu, akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Asubuhi yake mtaa uliamkia habari ya mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Alikutwa ameketi kwenye kiti chake, kofia imewekwa vizuri magotini, amenyongwa. Alikuwa mlinzi wa pili. Wa kwanza alikuwa wa mtaa wa pili, mwezi uliopita, na watu walisema ni wezi. Sasa hawakusema tena wezi, kwa sababu hakikuibwa hata kiberiti.

Fundi alisikia habari hiyo akiwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akaiweka mezani, akaenda kusimama nje ya mlango wa mwanawe. Ndani kulikuwa na kilio. Kilikuwa kile kile cha zamani, kile cha siku ya paka, kizito, cha mtu anayejizuia asisikike na anashindwa. Alisukuma mlango. Mpole alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja. Machozi yalikuwa yakimchuruzika hadi shingoni, lakini uso wenyewe ulikuwa umetulia, haujakunjika popote, na kilio kilitoka kinywani bila midomo kusogea. Alipomwona mama yake alitabasamu, kilio kikiendelea.

"Kimeanza tena, mama," alisema katikati yake. "Kinanichosha."

Fundi akaufunga mlango.

Yaliyofuata aliyapitia kama mtu anayetembea ndani ya maji. Mpole akaugua homa ghafla, akalala juma zima miguu haimbebi, na katika juma hilo mtaa ulilala salama. Homa ilipomwachia, mlinzi wa kiwanda cha barafu akakutwa amekufa. Mchana wa siku hiyo harufu ya nywele ilijaa karakana hata macho yakawasha, na Fundi, akiinusa kwa kuifuata huku na huku, akaona inatoka ndani ya mto wa kochi ambao aliushona yeye mwenyewe jana yake. Aliugeuza. Upande wa chini ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa mshono ambao haukuwa wake, mishono midogo sana, yenye haraka, iliyokwenda upogoupogo kama ya mtu aliyeshona gizani au asiye na vidole vya kawaida, na katika kila mshono uzi ulikuwa umezungushwa mara mbili, kana kwamba aliyeshona aliogopa kitu kilichomo ndani kisije kikatoka kabla ya wakati wake. Akakata. Ndani ya sponji zilikuwamo filimbi tatu za walinzi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Fundi alikaa sakafuni na filimbi zile mapajani hadi binti yake aliporudi kazini. Hakulia. Binti alitazama mara moja akaelewa, akaketi naye.

Polisi? Mtu ambaye hajazaa anaweza kuuliza hivyo. Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kilikuwa kwamba muuaji asiwe mwanawe. Mikono iwe ya Mpole, sawa; filimbi ziwe za Mpole; lakini aliyetenda awe mwingine, mgeni, kitu kilichoingia kutoka nje na kinachoweza kutolewa. Harufu, komeo, kilio, mshono ule: je, hayo yote hayakuonyesha kwamba kuna mgeni? Aliyashika hayo kama mfa maji anavyoshika nyasi.

Binti yeye alitaka hospitali. Alimjua daktari wa kike wa magonjwa ya ubongo na akili aliyekuwa akichukua dawa dukani kwao. Wakampeleka Mpole kwa kisingizio cha maumivu ya kichwa. Alikwenda bila kinyongo, akakubali kuingizwa kwenye mashine ya picha, akamsaidia muuguzi kusukuma kitanda cha mgonjwa mwingine.

Daktari alizungumza na mama na binti faraghani, picha ikiwa kwenye kioo. Aliwaonyesha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambako palikuwa na kovu la zamani. Akauliza kama aliwahi kuumia utotoni. Fundi akajibu alianguka. Binti akasema hakuanguka, alibamizwa na baba yake, na si kwamba alipigwa siku hiyo tu. Daktari hakumlaumu mtu. Aliwaeleza kwamba sehemu ile ndiyo inayomzuia mtu, ndiyo inayosema ngoja, usifanye, mwenzako ataumia. Na mtoto aliyeumizwa hapo, kisha akalelewa kwa kipigo na woga, wakati mwingine hukua bila kizuizi hicho. Akasisitiza kwamba ni wakati mwingine tu. Alikuwa ameona watu wengi wenye kovu kama lile ambao hawamgusi hata kuku, na ubongo peke yake haumfanyi mtu kuwa muuaji, wala kipigo peke yake.

"Ila kuna kitu sikielewi," alisema, na hapo akashusha sauti. "Nimempima kwa maswali. Nilimsimulia mambo ya kuhuzunisha sana. Moyo wake haukupiga hata mara moja zaidi. Lakini machozi yalimtoka. Sijawahi kuliona hilo. Ni kama kuna kitu ndani yake kinahisi kwa niaba yake. Sijui ni nini, mama. Ila kama kipo, ndicho kinachomshikilia. Msikiguse."

Kisha akamtazama Fundi machoni, akamwuliza kama Mpole amewahi kumdhuru mtu.

"Hapana," Fundi alisema.

Binti alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza, akaukanyaga kwa nguvu zake zote. Daktari aliwapa namba yake ya simu, akasema atatafuta kitanda wodini mapema iwezekanavyo, na kwamba wapige saa yoyote.

Njiani kurudi, katika yote aliyoambiwa, Fundi alibaki na moja tu: daktari mwenye digrii zake, mwenye mashine inayoona ndani ya fuvu, amesema ndani ya mwanangu kuna kitu. Mtu akiwa amekata tamaa husikia anachokihitaji. Kesho yake asubuhi alimfuata mganga.

Mganga huyu alijiita Bingwa. Alikuwa na ofisi juu ya duka la matairi, na kiti kinachozunguka. Alivaa saa mbili. Lakini tusimcheke sana, kwa maana kazi yake aliijua. Alifika karakana saa nne ya asubuhi, akasimama mlangoni, na mzaha wote ukamtoka usoni. Alinusa. Akauliza hicho kitu kimeanza kujitokeza lini, na Fundi akamweleza habari ya tangi, ya komeo, ya homa na ya kilio. La filimbi hakulitaja. Bingwa akatikisa kichwa. Akasema jini huyu ni mzee na amezoea nyumba, anatumia komeo kama anavyotumia mkono. Akaamuru makomeo yote mawili yang'olewe kabla hajaanza, la ndani na la nje, jini asipate pa kushikia. Fundi akachukua bisibisi akayang'oa mwenyewe, akayatupa pipani.

Wakamketisha Mpole kwenye kochi lisilo na kitambaa, mbao na springi tupu, katikati ya karakana. Madirisha yakafungwa. Ubani ukafukizwa, maji yakanyunyizwa, na Bingwa akaanza kusoma kwa sauti ya chini, bila kuinua macho. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mpole alikuwa akitazama dari, akionekana kuchoka kidogo. Halafu springi za kochi zikaanza kulia, moja baada ya nyingine kuanzia miguuni kwake kwenda juu, kana kwamba mtu mwingine alikuwa anaketi polepole mahali pale pale alipoketi yeye, na moshi wa ubani, ambao ulikuwa ukipanda wima, ukapinda ukamwelekea, ukazunguka kichwa chake na kusimama hapo, na ile harufu ya nywele ikaja juu ya ubani na kuufunika, na binti akamshika mama yake mkono kwa kucha, na kutoka katika kinywa cha Mpole ambacho hakikuwa kinasogea ikatoka sauti nzee, ya chini, iliyochoka kama ya mtu aliyekesha miaka.

"Shikamoo, mama," ilisema.

Fundi hakuitikia.

Bingwa akaiuliza ni nani na imeingia vipi. Ikajibu kwamba jina lake halisaidii kitu. Ilikuwa inapita tu, siku ambayo mlevi alimbamiza mtoto ukutani. Ilikuta nyumba iko wazi, mlango umevunjwa, na ndani mtoto analia peke yake. Ikaingia, ikakaa naye.

"Nilifikiri nitakaa mpaka mlango utengenezwe," ilisema. "Haukutengenezwa. Basi nikakaa mlangoni mimi."

"Umeua watu watatu," binti alisema. Bingwa akageuka kumtazama. Hakuwa ameambiwa hilo.

"Mimi?" Sauti ikawa kilio, kilio kile kile. "Nani aliyeficha mkasi na visu? Nani aliyemtia homa? Nani aliyeshona zile filimbi ndani ya mto ili mama azione amfunge? Nilifunga komeo la nje, mama. Ulikuja ukalifungua. Usiku ule nilimshika mpaka mwisho, akanishinda nguvu. Anayelia ni mimi. Yeye hajawahi kulia tangu ana miaka minne. Mkinitoa, nani atakaa mlangoni?"

Fundi alimtazama mwanawe, macho yake ya upole yaliyokuwa yakizunguka dari bila kujishughulisha na lolote kati ya hayo yanayotoka kinywani mwake. Bingwa alikuwa akitoka jasho. Alisema kwa sauti ya kunong'ona kwamba majini ni waongo, na mwongo mkubwa kuliko wote ni yule anayetaka kubaki. Hujifanya mlezi, hujifanya malaika. Lakini akasema pia kwamba, kwa kazi yake yote, hajawahi kusikia jini akilia hivyo, na kwamba uamuzi ni wa mama. Angetaka, angefunga mkoba wake sasa hivi aondoke.

"Mama, tumpigie daktari," binti alisema. "Tafadhali. Alisema tusikiguse."

Hapo ndipo pa kumhukumu Fundi, kwa anayetaka kuhukumu. Alikuwa na mambo mawili mbele yake. Kama jini anasema kweli, basi muuaji ni mwanawe, mwenyewe, aliyemnyonyesha, na jambo jema pekee lililowahi kumtoka, yale machozi, halikuwa lake. Kama jini anadanganya, basi mwanawe ni mateka na dakika hii hii anaweza kuachiwa huru. Alipima kwa moyo wa mzazi, na moyo wa mzazi ni mizani mbovu.

"Mtoe," alisema.

Bingwa akasoma. Sauti haikupigana. Ilimwomba mama mara moja tu, kisha ikamwomba mtoto msamaha, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo baba tu alikuwa akimwita. Springi zikalia tena, kuanzia juu kwenda chini. Moshi ukanyooka. Harufu ikatoka, taratibu, chumba kwa chumba, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi Fundi akasikia harufu ya gundi yake mwenyewe na ya mbao.

Mpole akajinyoosha.

"Ah," alisema. "Kumenyamaza."

Bingwa aliondoka bila kuaga vizuri, akasahau mkoba wake, na hakurudi kuuchukua.

Mpole alikula mkate mzima na chai vikombe vitatu. Alizungumza kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Alimsifia mama kwa makochi, akamtania dada yake kuhusu bwana wa duka la dawa. Fundi alikuwa akimtazama akijaribu kufurahi. Mwishowe akamwambia kwamba mambo yote yamekwisha, kwamba anajua habari ya wale walinzi na anajua haikuwa yeye. Mpole akaacha kutafuna. Alifikiri, kama mtu anayetafuta jina la mtaa aliowahi kupita.

"Ilikuwa mimi," alisema. "Wakati wote ilikuwa mimi, mama. Ila kulikuwa na makelele sana. Mtu akinililia sikioni nafanya kwa haraka, sioni vizuri." Akapangusa makombo mezani kwa kiganja, akayatia kwenye sahani. "Sasa nitafanya kwa utulivu."

Akasema amechoka, akaenda chumbani kwake kulala.

Fundi alipiga simu kwa daktari na safari hii alisema yote, filimbi, majina ya maduka, alilomjibu hospitali na alilolifanya asubuhi. Daktari akasema kwamba gari la hospitali litakuja na askari kabla jua halijazama. Wasimkabili, wasimkasirishe, ila kwa gharama yoyote asitoke. Binti akakimbilia barabara kuu kuwaelekeza. Fundi akabaki.

Komeo halikuwepo. Alivuta kochi la watu watatu, lile zito la mteja, akalisogeza inchi kwa inchi mpaka likaziba mlango wa Mpole, akaketi juu yake na mgongo kwenye mlango. Ndani mwanawe alikuwa akikoroma vizuri. Sasa mlangoni alikuwa yeye.

Akaanza kumwita yule aliyemfukuza. Alinong'ona arudi. Akamwomba radhi, akaitikia ile salamu ambayo hakuiitikia, marahaba, marahaba, akamwambia nyumba ni yako, ingia, hata mimi nichukue, ingia kwangu kama kwake hupataki, na kila aliponyamaza kusikiliza palikuwa na joto la alasiri tu, nzi, na kukoroma kule kwa utulivu nyuma ya ubao. Alikuwa hajalala usingizi wa kweli tangu filimbi. Alijifinya mkono. Akahesabu mabati ya paa. Mwanadamu ana kope, na kope ni nzito.

Alipofumbua macho alikuwa amelala chali, mto chini ya kichwa. Amefunikwa hadi mabegani kwa kipande cha kitambaa kipya cha makochi, pindo limechomekwa kila upande ili upepo usimpate. Kochi lilikuwa katikati ya ua. Lilikuwa limenyanyuliwa likiwa na yeye juu yake, likatembezwa na kutuliwa kwa namna ambayo hata springi moja haikulia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na kitanda kimetandikwa.

Alitoka mbio bila viatu. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa za maghala, na ndiyo saa ambayo walinzi huingia zamu. Walikuwa wakija mmoja mmoja kutoka kila kichochoro na marungu yao na chupa za chai, wakisalimiana, wakifuta viti vyao mbele ya maduka. Alimshika wa kwanza aliyemkuta kwenye ukosi, akamwambia wasikae peke yao, leo asikae mtu peke yake. Walinzi wawili watatu wakasogea, wakamwonea huruma, wakamwuliza Fundi amepatwa na nini, akae kwanza avute pumzi.

"Mwanangu," alisema. "Mmemwona mwanangu?"

"Mpole?" Mlinzi akatabasamu, akaonyesha kwa kidole njia ya nyuma ya kiwanda. "Kapita sasa hivi. Kijana ana heshima yule, mama, umelea. Amekwenda na yule mzee wetu wa lindo la mwisho, anambebea kiti."